Kufunga muziki kwenye pikipiki ya safari: maswali ninayoulizwa kila wiki

Karakana yetu ipo Kinondoni, Dar es Salaam, na wateja wetu wengi ni wale wanaotoka Jumamosi alfajiri kwenda Bagamoyo kunywa supu na kurudi, au wanaokata hadi Morogoro na Iringa mara mbili tatu kwa mwaka. Pikipiki zao ni kubwa: Gold Wing, Harley, BMW za GS, Africa Twin. Maswali yao ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka hapa na majibu yake. Mengine utaona nimeyajibu kwa kirefu mno. Hayo ndiyo yanayounguza pikipiki.

Nataka muziki mnene. Nifunge wati ngapi?

Tuanze na pikipiki, wati tutazikuta mbele. Spika haitengenezi umeme, inaula tu, na anayeutengeneza ni altaneta iliyofichwa ubavuni mwa injini. Hiyo ndiyo inayoamua bajeti yako, kabla hata mfuko wako haujasema neno. Mteja mwenye Gold Wing na mteja mwenye pikipiki ya cc 250 wakiniuliza swali hili siku moja, nawapa majibu mawili ambayo hayafanani hata kidogo.

Nitajuaje kama pikipiki yangu ina umeme wa kutosha?

Kitabu cha pikipiki kina ukurasa wa vipimo, na humo uwezo wa altaneta umeandikwa kwa wati. Gold Wing za GL1800, zilizoanza kutoka 2001, zina altaneta inayopita wati 1,000. BMW R1250GS ina wati 510. Toa humo chakula cha pikipiki yenyewe: pampu ya mafuta, kompyuta ya injini, plagi, taa kubwa, feni ya rejeta, taa ya breki. Kwa pikipiki kubwa weka wati 250 hadi 300 pembeni, kisha kumbuka taa za ziada ulizofunga mwaka jana na ile chaja ya simu. Kinachobaki ndicho cha muziki.

Tena namba ya kitabuni ni ya injini iliyopigwa resi. Ikiwa sailensa, yaani inazunguka yenyewe bila resi, kwenye foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni, altaneta inatoa sehemu tu ya hiyo, na papo hapo feni ya rejeta inazunguka bila kupumzika. Ndiyo maana kipimo ninachokiamini kuliko kitabu ni cha mita. Naweka mita kwenye betri, nawasha injini, nawasha taa kubwa, nasubiri feni ianze, kisha nasoma. Volti 13.5 na kuendelea, tuna nafasi. Ikisoma 12.8 kabla ya muziki wowote, pikipiki hiyo haina cha kugawa ikiwa imesimama, na lolote nitakaloongeza litanyonywa kwenye betri. Hapo nakwambia ukweli, hata kama nitakosa kazi.

Mimi ni wa bodaboda, nina Boxer. Inawezekana?

Amplifaya ya kweli, hapana. Umeme wa pikipiki hizo ni mdogo na tayari una wenyewe. Nunua spika ya Bluetooth yenye betri yake ndani, ifunge vizuri kwenye usukani, uichaji nyumbani. Na abiria akikuomba upunguze, punguza.

Kwenye boksi la amplifaya wameandika wati 1,000. Za kweli?

Igeuze uangalie fyuzi yake. Hapo haiwezi kudanganya. Niliwahi kushika moja Kariakoo, imepambwa kwa herufi za dhahabu, wati 1,000, na ubavuni ina fyuzi ya ampia 10. Zidisha 10 kwa volti 13.8, unapata wati 138 zinazoingia, na zinazotoka kwenye spika ni pungufu ya hizo. Hizo 860 nyingine ziko kwenye rangi ya boksi.

Tafuta wati za kudumu, zile zinazoandikwa RMS. Namba ya kilele haikusaidii kitu. Pili, hakikisha ni amplifaya ya daraja la D. Hiyo hugeuza asilimia 80 au zaidi ya umeme iliopewa kuwa muziki, wakati za daraja la AB hupoteza karibu nusu kama joto, na joto chini ya siti Dar es Salaam mwezi wa pili tunalo la kutosha bila kununua jingine. Kwa watu wengi wa safari, amplifaya ya daraja la D yenye wati 200 za kweli kwa jumla inatosha kabisa. Ukiifungulia mpaka mwisho inavuta kama ampia 18, ila muziki hupanda na kushuka, kwa hiyo kwa wastani ni chini ya nusu ya hapo.

Naweza kutumia spika za gari? Nina jozi nzuri nyumbani.

Unaweza, na zitakaa miezi. Spika ya gari imezoea kuishi ndani ya mlango. Ya pikipiki inapigwa na jua la Coco Beach, vumbi la Chalinze na mvua ya masika, halafu ikirudi nyumbani inalala kwenye hewa ya chumvi. Karatasi ya koni, ile sahani inayotikisika kutoa sauti, inavimba, na sumaku inashika kutu mpaka koili, waya uliozungushwa nyuma ya koni, inakwama.

Chukua spika za pikipiki au za boti. Za boti zimetengenezwa kwa ajili ya chumvi na jua, na mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko zenye jina la pikipiki. Koni iwe ya plastiki, nati ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kisha angalia namba moja ambayo wauzaji wengi hawaijui: ni desibeli ngapi (kipimo cha ukubwa wa sauti) spika inatoa kwa wati 1 ukiisikiliza ukiwa mita 1. Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili unapata desibeli 3 tu. Kwa hiyo spika ya desibeli 92 kwa wati 50 inasikika sawa na spika ya desibeli 86 inayokula wati 200. Umesoma vizuri, mara nne. Kwenye pikipiki, ambako umeme ni wa kupimwa kwa kijiko, namba hii ina thamani kuliko ukubwa wa sumaku.

Nikiwa nimesimama muziki unapiga vizuri. Nikifika 80 besi inapotea. Kuna hitilafu?

Hakuna. Besi imemezwa na upepo. Ngurumo ya upepo kwenye helmeti ni ya sauti nene, na kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa inafika desibeli 95 hivi. Besi yako iko kwenye eneo hilohilo, na upepo una nguvu kuliko amplifaya yako. Ukiongeza besi ili uisikie, koni inatupwa mbele na nyuma bure, amplifaya inachoka, spika inaanza kukoroma. Hivyo ndivyo spika nyingi zinavyopasuka kati ya Kibaha na Mlandizi.

Dawa yake wateja hawaipendi: kata besi. Naweka kichujio ili spika za inchi 6 na nusu zisipewe chochote kilicho chini ya hezi 80 au 100 (kadiri hezi zinavyopungua, sauti inakuwa nene zaidi), kisha nanyanyua sauti za kati, zile za mwimbaji na gitaa. Ukisikiliza karakanani utaona kama muziki umekonda. Ukifika Bunju utanishukuru. Kioo cha mbele nacho ni sehemu ya muziki: kikikaa kimo sahihi kinapitisha upepo juu ya helmeti, na faida yake ni kubwa kuliko ya amplifaya mpya. Jaribu kukipandisha kabla hujatoa hela.

Ila kama besi haipo hata ukiwa umesimama, huenda spika moja imeunganishwa kinyume, chanya kwa hasi. Moja ikisukuma nyingine inavuta, zinafutana. Kosa hilo tunalikuta kila mwezi, na kurekebisha ni dakika tano.

Waya na fyuzi vina umuhimu gani hasa? Fundi mwingine ameniambia waya ni waya.

Huyo mkimbie.

Waya wa umeme unatoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye amplifaya, na fyuzi inakaa karibu na betri, isizidi sentimita 18 hivi. Fyuzi ipo kulinda waya, amplifaya ina yake. Ukiiweka mbali, kile kipande chote kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, na kikichubuka na kugusa chesisi, betri inamwaga kila ilicho nacho hapo. Plastiki inayeyuka, na tanki la petroli liko sentimita chache juu yake. Kwa ile amplifaya ya wati 200 natumia waya wa milimita 6 za mraba na fyuzi ya ampia 25.

Hakikisha waya ni wa shaba. Madukani kuna waya mwingi wa alumini uliopakwa shaba juu, mnene na wa bei rahisi. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Alumini hupitisha umeme kidogo kuliko shaba, hukatika kwa mtikisiko, na kwenye hewa ya bahari maungio yake yanageuka unga mweupe. Maungio yenyewe nayabana kwa koleo lake maalumu na kuyavalisha mpira unaonywea kwa moto. Kulehemu nakupenda, nimejifunza kazi kwa kulehemu redio, lakini kwenye pikipiki waya uliolehemiwa hukatika pale lehemu inapoishia, kwa sababu hapo ni pagumu na jirani yake ni laini, na injini inatikisa usiku na mchana.

Nami niliwahi kulipia shule hiyo. Mwaka wangu wa kwanza nilimfungia mteja spika mbili kwenye kava la mbele, kazi safi, nikapiga na picha. Baada ya wiki tatu akarudi: kila akikata kona kulia, spika ya kushoto inanyamaza. Tukafungua kava. Waya niliokuwa nimeupitisha kwenye shingo ya usukani ulikuwa unabanwa usukani ukilalia kulia, ganda limechubuka, shaba inang'aa, na nyuzi zilizobaki nilizihesabu: nne. Nilikuwa nimeufunga usukani ukiwa umenyooka, sikuugeuza hata mara moja. Tangu siku hiyo, kabla sijakaza kamba ya mwisho, nalaza usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, mara kumi, huku mtu mwingine akimulika tochi.

Si rahisi kuunga kwenye waya wa taa kubwa? Upo hapohapo mbele.

Ni rahisi, ndiyo maana wengi wanafanya. Tuliletewa pikipiki ambayo taa yake ilizima usiku njiani kutoka Chalinze, mwenyewe akalazimika kufuata taa za lori hadi Kibaha. Amplifaya ilikuwa imeungwa kwenye waya wa taa kwa tepu nyeusi. Soketi ya taa ilikuwa imeyeyuka na kushikana na plagi kama karanga za kashata.

Waya wa taa umepimwa kwa ajili ya taa. Ninachouchukua kutoka kwenye nyaya za pikipiki ni ishara tu, waya mwembamba wa kuiambia rilei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, kwamba funguo imewashwa, basi rilei inaruhusu umeme mkubwa utoke betri. Ukizima funguo, muziki unazima nao. Kwa BMW na pikipiki nyingine za kisasa ambazo taa zake zinasimamiwa na kompyuta hata hiyo ishara naichukua kwa tahadhari, kwenye soketi ya vifaa vya ziada, maana kompyuta ikiona mzigo usiouelewa inakata umeme na kuwasha taa ya hitilafu.

Kuna mlio unapanda na kushuka ninapopiga resi. Unatoka wapi?

Altaneta inaingia kwenye muziki. Mara nyingi redio imeungwa ethi sehemu moja na amplifaya sehemu nyingine. Zirudishe zote sehemu moja, kwenye hasi ya betri, na waya za ishara zipite upande wake, mbali na waya mkubwa wa umeme. Zikilazimika kukutana zikatane kama njia panda, zisilale pamoja.

Betri yangu inakufa nikiiacha wiki mbili. Ni muziki?

Inawezekana. Zima funguo, chomoa hasi ya betri, weka mita ya miliampia katikati. Ikisoma 50, kwa betri ya ampia-saa 12 hesabu ni hii: saa 240, yaani siku kumi, na betri ni tupu. Kwa kweli itashindwa kuzungusha stata siku kadhaa kabla ya hapo. Toa fyuzi ya amplifaya. Namba ikianguka, mwizi umempata, na kosa kwa kawaida ni rilei iliyoachwa nje ili kuokoa nusu saa ya kazi. Kama haikuanguka, muziki hauna hatia. Angalia king'ora au kifaa cha kufuatilia wizi.

Masika je?

Boksi likiandikwa IP65, 6 ni ya vumbi, haliingii, na 5 ni ya maji yanayorushwa. IP67 inavumilia kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Hakuna hata moja kati ya hizo inayozungumzia vijana wa kuosha pikipiki wenye mashine ya presha wanaosogeza bomba mpaka linagusa wavu wa spika. Waambie mapema. Spika nyingi zimeuawa na usafi kuliko mvua.

Amplifaya naiweka chini ya siti, imeinuliwa kidogo kwa pete za mpira, upande wa plagi ukitazama chini au pembeni. Waya kabla ya kuingia naupa tumbo, uteremke kisha upande, ili maji yadondoke kwenye tumbo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Ukiwa umepita kwenye maji ya mafuriko bonde la Jangwani yakafika kwenye siti, usiwashe muziki ili "kuona kama bado upo". Toa fyuzi. Kama ni maji ya bahari, suuza kwanza kwa maji baridi ya bomba. Acha siku mbili mahali penye hewa, ndipo ujaribu.

Nataka sabufa kwenye sanduku la nyuma.

Najua. Vijana wote mnaitaka. Lakini sanduku la nyuma liko nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma, na kila kilo unayoiweka huko inapunguza uzito wa tairi la mbele. Sabufa, boksi lake na amplifaya ya pili hufika kilo 15 bila shida, wakati masanduku mengi ya nyuma yamebandikwa kibandiko cha kilo 5 hadi 10. Pikipiki iliyoelemewa nyuma huanza kutikisa usukani kwenye mwendo, na mteremko wa Kitonga si mahali pa kuligundua hilo. Besi yenyewe, kama nilivyosema, upepo utaimeza. Kama ni ya kupiga mkiwa mmesimama Coco Beach, ikae kwenye gari la rafiki.

Simu yangu naiweka kwenye usukani kwa ajili ya muziki na ramani. Sawa?

Ramani, sawa. Ila mtikisiko wa injini kubwa huharibu kamera. Mwaka 2021 Apple wenyewe walitoa onyo kuhusu iPhone zinazofungwa kwenye pikipiki, kwa sababu vidude vinavyotuliza lenzi haviupendi mtikisiko huo. Tumia kishikizo chenye mpira wa kufyonza mtikisiko, au iweke mfukoni na uongoze muziki kwa vitufe vya usukani.

Polisi au majirani watanisumbua?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ina kanuni zake za kelele na mitetemo za 2015, na NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, ndio wanaozisimamia. Kwa hiyo usidhani kelele ni suala la jirani mwenye wivu. Zaidi ya hapo ni ubinadamu tu. Ukiona turubai limefungwa mtaani, zima, huenda kuna msiba. Karibu na hospitali, zima. Barabara inapokatiza Mikumi, zima pia, na mwendo wako uwe ule wa kibao: tembo hajali kama kofia yako ni ya bei.

Na masikio ni yako. Desibeli 100 kwa dakika 15 tayari ni kipimo cha siku nzima kwa mujibu wa wataalamu wa afya kazini. Nawapa wateja wa safari ndefu vizibo vya masikio. Wanacheka, halafu wakirudi kutoka Iringa wananiomba jozi nyingine.

Basi si bora spika za ndani ya helmeti?

Kwa anayesafiri peke yake, mara nyingi ndiyo, na nasema hivyo nikijua nitakosa kazi ya siku mbili. Vifaa vya Sena na Cardo vinaingia kwenye helmeti, vina betri yake, havigusi umeme wa pikipiki, na unapokea simu humohumo. Sauti iwe ndogo kiasi cha kusikia honi ya basi la mkoani nyuma yako. Wanaobaki kwangu ni wale wanaotaka muziki wakiwa wameegesha, au mke nyuma naye asikie, au wanaopenda tu pikipiki iimbe. Sina ugomvi nao.

Nikija kwako nije na nini?

Kitabu cha pikipiki kama unacho, na funguo ya siti. Tanki lisijae, maana huenda tukalitoa. Njoo na helmeti unayoivaa siku zote, siyo ile mpya ya picha, kwa sababu sauti tunaipima ukiwa umeivaa na kioo kimeshushwa. Na uwe na wimbo mmoja kwenye simu unaoujua kila kona yake. Tutaupiga hapa karakanani, kisha utaenda nao hadi Tegeta na kurudi, uniambie ni wapi wimbo ulipopotea.